Je, tumshangilie aliyeacha ulevi?

Majuma machache yaliyopita mama mmoja alifika kwa paroko wake, sadaka mkononi, akaomba isomwe Misa ya shukrani. Mume wake alikuwa ametimiza mwaka mmoja bila kuonja pombe. Habari hiyo ilipotajwa katika jumuiya, mzee mmoja, mtu mwema na mtulivu, aliuliza swali ambalo siku ile halikupata jibu: "Na sisi ambao hatukulewa hata siku moja, tutasomewa Misa lini?"

Watu walicheka. Lakini swali lile halikuwa la mzaha, wala si la mzee yule peke yake. Wengi wetu twalo moyoni, ila twaona haya kulisema. Basi leo tulitazame kwa utulivu, maana jibu tutakalolitoa laweza kumsimamisha mtu au kumrudisha shimoni.

Kwanza hatuna budi kukiri jambo moja: kumshangilia mnywaji twajua sana. Mtoto akibatizwa, swali la kwanza ni kreti ngapi za bia, na la pili ndilo la msimamizi. Katika kipaimara ni hivyo hivyo; katika harusi ndiyo kabisa. Anayewanunulia wenzake pombe mpaka mshahara uishe huitwa mtu wa watu. Akianguka mtaroni akienda kwake, twacheka, na kesho yake kisa chake ni burudani ya kijiji kizima. Lakini siku anapoacha, kicheko chageuka kuwa mashaka. "Ameishiwa fedha tu." "Ngojeni mwisho wa mwezi." Na methali hazikosekani: mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi, sikio la kufa halisikii dawa. Kijana aliyekuwa akitumia unga naye huitwa teja hata miaka mitano baada ya kuuacha. Yeye ametoka katika uraibu, bali jina halikutoka.

Wanaopinga kusherehekea wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Wasema hivi: kutolewa ni wajibu wa kila mtu, na atimizaye wajibu hapewi zawadi. Nani amwambia jirani yake hongera kwa kuwa hakuiba kuku wake? Tena wasema, sherehe humtia mtu kiburi, na mwenye kiburi yu karibu kuanguka; na akianguka baada ya kushangiliwa, aibu yake huwa mara mbili. Na hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: yuko wapi mke aliyelima peke yake, wako wapi watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada wakati baba anakunywa? Hao nani aliwafanyia sherehe?

Tuanze na hoja ya kwanza. Ni kweli, wajibu ni mmoja kwetu sote. Lakini uzito wake si mmoja. Debe la maji huwa jepesi kwa mwenye afya, nalo humshinda aliyetoka kitandani jana. Mgonjwa aliyevunjika mguu akipiga hatua kumi wodini, wauguzi hufurahi, wala hakuna mwenye akili atakayesema, "Mbona mimi nakimbia kila siku na hamnipigii makofi?" Hatumshangilii kwa kuwa ametupita. Twamshangilia kwa kuwa alikuwa amelala, na sasa amesimama. Na uraibu ni ugonjwa kweli. Mwaka 1956 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitamka kwamba watu wa namna hii wapokewe hospitalini kama wagonjwa wengine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, nayo yafundisha kwamba mazoea yaweza kupunguza lawama ya mtu kwa tendo lake. Kupunguza si kufuta. Dawa haimezwi na mwingine kwa niaba ya mgonjwa; kila asubuhi yampasa mwenyewe kuamka na kukataa. Kukataa huko ndiko tunakokuheshimu.

Juu ya hoja ya pili, ya kiburi, tujifunze kwa mtawa mmoja. Katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, mwaka 1935 watu wawili waliokuwa wameharibiwa na pombe, Bill Wilson na Daktari Bob Smith, walianza kusaidiana, na urafiki wao ukazaa chama cha walevi wanaosaidiana kuacha ambacho leo kimeenea duniani. Lakini hospitali nyingi hazikutaka kuwapokea wagonjwa wa aina hiyo. Mwaka 1939 Sista Ignatia, katika Hospitali ya Mtakatifu Tomaso mjini humo, alianza kuwapokea pamoja na Daktari Bob. Mgonjwa alipopona na kuaga, Sista alimpa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu wa Yesu kwa sharti moja: kabla hajanywa tena, sharti kwanza airudishe beji ile kwa Sista mwenyewe.

Tuitafakari hekima hiyo. Beji ile haikuwa nishani ya ushindi. Ilikuwa kamba iliyomfunga mtu na watu wanaomngoja. Mwenye tamaa ya pombe saa nne za usiku alikumbuka kwamba kabla ya glasi kuna uso wa mtu yampasa kuutazama. Basi sherehe iliyo njema haisemi, "Umemaliza." Yasema, "Tumekuona, na kesho tutakuuliza habari zako." Sherehe ya namna hiyo haileti kiburi, maana humkumbusha mtu kwamba hakusimama kwa nguvu zake peke yake.

Na akianguka je? Twapenda kusema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hiyo yafaa kwa mambo mengi, lakini ukiitumia kwa mraibu utamfungia mlango, maana wengi huanguka zaidi ya mara moja kabla ya kusimama imara. Matt Talbot, kibarua wa Dublin nchini Ireland, alianza kunywa akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliweka ahadi ya kuacha. Kwa muda gani? Miezi mitatu tu. Ilipokwisha aliiongeza, na hatimaye akaahidi maisha yake yote. Alikaa bila kunywa mpaka alipofariki mwaka 1925, njiani akienda Misa, na mwaka 1975 Papa Paulo VI alithibitisha kwamba aliziishi fadhila za Kikristu kwa kiwango cha kishujaa. Mtu huyo alianza na miezi mitatu. Tusidharau basi mwezi mmoja wa jirani yetu, wala juma lake moja. Na akianza kuhesabu upya, tuhesabu naye.

Sasa hoja ya tatu, ya mke na watoto. Hapa wapingaji wana haki, na wanaosherehekea wasikilize. Katika mfano wa mwana mpotevu, mara nyingi twamlaumu yule kaka mkubwa. Lakini Bwana wetu hakusema kwamba malalamiko yake ni uongo. Ni kweli alifanya kazi. Ni kweli mdogo wake aliharibu mali. Na baba hakumwacha nje na hasira zake, bali alitoka mwenyewe kwenda kumsihi. Sherehe inayomsahau aliyebaki nyumbani si sherehe ya baba yule. Kwa hiyo mtu akitimiza mwaka bila kulewa, wa kwanza kushukuriwa mbele ya watu awe mkewe, au mama yake, au yeyote aliyekesha akimngoja. Na mwenyewe asidhani kwamba makofi yamelipa madeni yake. Wanaosimulia maisha ya Matt Talbot wasema kwamba katika siku zake za ulevi, yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla wa mitaani chombo chake, wakakiuza wapate pombe. Baada ya kuacha alimtafuta mtu yule kwa miaka, asimpate, akatoa fedha zisomwe Misa kwa ajili yake. Furaha ya kupona na uchungu wa deni vyaweza kukaa katika moyo mmoja, na ni vizuri vikae.

Je, tufanye nini? Mambo manne yatosha. Kwanza, sherehe ya aliyeacha pombe isiwe na pombe. Mtu anaweza kucheka kusikia hivyo, lakini wako ndugu waliokwisha kuchangia kreti "kumpongeza". Huko ni kumpongeza aliyeokolewa mtoni kwa kumsukuma tena majini. Chai, wali na soda havijamharibia mtu furaha. Pili, tusimlazimishe kusimama na kusimulia aibu zake. Kama apenda kusema, atasema mwenyewe. Tatu, tuache majina ya zamani. Aitwe kwa jina lake, kama tunavyotaka kuitwa sisi. Nne, tumpe kazi na tumpe imani kidogo kidogo, maana makofi ya siku moja hayashindi upweke wa siku mia tatu. Tangu Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikitoa dawa ya methadoni kwa walioathiriwa na heroini, nao hufika kliniki kunywa dozi yao mbele ya muuguzi. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, bara na Visiwani. Lakini dawa na nyumba haviwezi kufanya kazi yetu sisi. Anayetoka huko arudi wapi, ikiwa mtaa mzima wangoja tu kumwona akianguka?

Turudi kwa mzee wetu na swali lake. Tutasomewa Misa lini? Mzee wetu, neno Ekaristi maana yake ni shukrani. Misa ya shukrani kwa ajili yako husomwa kila Jumapili, kwa miaka yote uliyolala nyumbani kwako ukiwa na akili timamu, na watoto wako wakala wakashiba. Labda hukuitambua kwa sababu hukuikosa kamwe. Nani ajuaye ni mangapi yaliyokukinga: baba asiyekunywa, rafiki mwema, au tu kwamba glasi ile ya kwanza haikukupendeza? Hayo yote ulipewa. Mwenzako leo amepewa kidogo katika hayo, tena kwa kuchelewa. Usimwonee wivu kwa Misa moja.

Misa ile itasomwa. Twamwomba mzee aje, akae benchi la mbele, karibu na yule mama.