Kesho Iliyochakaa

Miongoni mwa masuala ambayo wanazuoni wa dini na wa falsafa wamekuwa wakiyazungumza tangu dahari, bila ya yeyote kudai kwamba ameyamaliza, ni hili la haki ya mwanadamu juu ya wakati ambao haujamfikia: je, yafaa mtu aipige kesho picha, aijengee kuta na kuipaka rangi, kisha awaalike wenziwe waingie waione, au hiyo ni ghururi ya kiumbe aliyesahau kwamba ghaibu ina mwenyewe? Suala hili huenda likadhaniwa ni la msikitini na kanisani tu. Walakini lipo pahali duniani ambapo limejengwa kwa chuma na saruji na kutozwa kiingilio, napo ni katika bustani ya burudani.

Tarehe 17 Julai 1955, huko Anaheim katika jimbo la California, Walt Disney alifungua bustani yake ya Disneyland, na sehemu yake moja akaiita Tomorrowland, Nchi ya Kesho, akikusudia kwamba mgeni aingiapo humo ajione yumo katika mwaka 1986, ambao siku zile ulikuwa mbali kiasi cha kuweza kuotwa. Fedha zilikuwa zimepungua na siku zimekwisha, basi nafasi nyingi zikaachiwa makampuni, na kesho ya wanadamu ikajaa bidhaa za wenye viwanda: Kaiser wakaisifu alumini yao, Monsanto wakaonyesha kemia yao, na mwaka uliofuata kampuni ya Crane ikaweka chumba cha kuogea cha siku za usoni, watu wakaenda kukistaajabia. Mwaka 1957 Monsanto wakasimamisha nyumba nzima ya plastiki, yenye mabawa manne yaliyoning'inia hewani. Na ilipokatwa shauri ivunjwe, miaka kumi baadaye, lile tufe la chuma litumiwalo kubomolea majengo likawa laigonga na kudunda, hata mafundi wakalazimika kuikata kwa misumeno kipande kwa kipande, na kazi iliyodhaniwa kuwa ya siku moja ikala majuma mawili. Mwili wa nyumba ile ulikuwa mzima kabisa. Kilichokufa kabla yake ni ule mshangao uliokuwa ukiwavuta watu waje kuitazama.

Hapo ndipo ilipo shida ya kila ajengaye kesho, kwamba jengo la kale likizeeka huongezewa heshima, na jengo la siku zijazo likizeeka huchekwa. Kwa hiyo wapenzi wa bustani ile, ambao aghalabu ni watu waliopelekwa na wazazi wao wakiwa wadogo na sasa wanawapeleka wana wao, hugawanyika makundi matatu kila inapotajwa habari ya kuisanifu upya, na kila kundi lina hoja isiyopuuzika.

Kundi la kwanza husema kwamba jina ni ahadi, na aliyeahidi kesho hana ruhusa ya kuonyesha jana. Basi na ivunjwe yote na kujengwa tena, kama ilivyofanywa mwaka 1967, na irudiwe kila vyombo vipya vinapozaliwa. Kundi la pili husema laa, kwani kile kigari cha juu kilichoitwa PeopleMover, kilichokuwa kikiwazungusha watu polepole juu ya vichwa vya wapitao, kilipofungwa mwaka 1995 kiliondoka na sehemu ya umri wao, na chombo cha mbio kilichowekwa juu ya njia ile ile mwaka 1998 hakikupita mwaka 2000. Njia ile ikabaki imesimama juu ya nguzo zake bila ya kupitiwa na kitu, na wapo wanaoipigania isibomolewe wakitaraji kwamba siku moja kigari kitarudi. Kundi la tatu hushauri kwamba, maadamu wakati unakwenda mbio kuliko fundi, na tuache kushindana nao, tujenge kesho waliyoiota mababu: wenye bustani ya Disney ya Paris walifanya hivyo mwaka 1992, wakaipamba sehemu yao kwa ndoto za Jules Verne, na wa California wakaiga mwaka 1998 kwa kupaka majengo rangi za dhahabu na shaba, wengi wakanung'unika, na haikupita miaka mingi majengo yale yakaanza kurudishiwa weupe wake.

Ukizipima kauli hizi tatu kwa mizani ya dini utaona kwamba hazihusu rangi wala vigari. Kundi la kwanza limeliweka tumaini lake katika vyombo, na kwa kuwa chombo hakikosi kupitwa na chombo kingine, tumaini hilo halina siku ya kutulia. La pili halipendi kesho hata kidogo. Lapenda utoto wake lenyewe, nao utoto si jambo la kulaumiwa kupendwa, ila haufai kuwekwa mlangoni ukawazuia wengine kuingia. La tatu limekata tamaa kwa adabu: limeigeuza rajua kuwa hekaya, ili isije ikalidai chochote.

Dini zetu mbili kubwa za mwambao na bara zimelinena jambo hili kwa namna moja zaidi kuliko wafuasi wake wanavyokiri. Mwisho wa Sura ya Luqman huihesabu kesho ya nafsi katika mambo ambayo elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Na Injili ya Luka inasimulia habari za tajiri aliyepanga kuvunja ghala zake na kujenga kubwa zaidi, naye usiku ule ule akatakiwa roho yake. Kwa kuyasikia haya peke yake mtu angeweza kudhani kwamba kupanga ni dhambi. Lakini vitabu hivyo hivyo vinamsifu Yusufu, aliyeifasiri ndoto ya mfalme wa Misri, akaweka akiba ya nafaka miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Huyu alijaza ghala na yule alitaka kujaza ghala, na wote wawili waliitazama kesho. Farka yao ni kwamba tajiri aliitazama akajiona yeye, na Yusufu aliitazama akaona vinywa vya watu wasiomjua, wakiwamo ndugu waliomuuza. Basi kipimo kimepatikana: ukionyeshwa kesho iliyosanifiwa, usiulize kama ni mpya au ya kale, uliza ni nani aliyewekewa nafasi ndani yake.

Yupo atakayesema kwamba haya si yetu. Mwaka 1969 John Mbiti, mwana wa Ukambani na kasisi, alichapisha kitabu mashuhuri juu ya dini na falsafa za Kiafrika, na humo akashikilia kwamba wazee wetu waliishi baina ya wakati uliopo na bahari kubwa ya wakati uliopita, na kwamba mbele yao palikuwa hapana kitu ila miezi michache, au miaka miwili hivi, ya mambo yaliyo hakika ya kutokea. Wanafalsafa wengi wamembishia, na mimi niliye huku Seme, katika Kaunti ya Kisumu, ambako Kombewa ndiyo soko na makao yetu, sihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi wa kumbishia, kwa sababu umo ndani ya ua wa Mjaluo.

Mtu anayetoka kwa baba yake kwenda kufungua boma lake huenda alfajiri pamoja na mkubwa wake, jogoo akichukuliwa, mwanawe wa kwanza ameshika shoka na mkewe amebeba moto. Nyumba ya mke mkubwa husimamishwa juu, ikitazamana na lango, na za wake wengine hufuata huku na huku kwa daraja zao. Chini, karibu na lango, hupangwa pahali pa nyumba za vijana, wa kwanza upande mmoja na wa pili upande wa pili, wakipishana hivyo hadi wa mwisho, ambaye ndiye atakayebaki na nyumba ya wazazi. Siku boma linapofunguliwa vijana hao huenda ni wachungaji wa mbuzi, au hawajazaliwa. Hata hivyo ardhi yao inajulikana, mgeni huonyeshwa kichaka kitupu akaambiwa kwamba hapa ni pa fulani, na hata mama akipapanda mahindi hupapanda akijua kwamba atapaacha. Huo ni usanifu wa kesho ya miaka thelathini, na ajabu yake ni kwamba sehemu iliyo bora katika ramani ile ni ile isiyojengwa. Baba hakumjengea mwanawe nyumba ya kesho. Alimwachia pahali pa kuijenga, kwa udongo au kwa tofali, kwa nyasi au kwa mabati, kama zama zake zitakavyomruhusu.

Labda mtu atauliza: kama kesho inachakaa hivi, kwa nini tusishikamane na kisichochakaa, tukaacha kusanifu? Mawe ya Kit Mikayi, yaliyopandana juu ya ardhi yetu hii ya Seme karibu na barabara iendayo Bondo, hayajapakwa rangi na fundi yeyote, na waumini wa kanisa la Legio Maria huja pale kwa kanzu zao za rangi, wakiwasha mishumaa na kusali katika mapango yake. Lakini sikiliza wanachokiomba: ni mtoto kwa mwanamke aliyechelewa kuzaa, ni afya kwa mgonjwa, ni heri ya mtihani kwa mwanafunzi. Wamelijia jiwe la kale kwa haja za kesho. Mwanadamu hawezi kuiacha kesho hata akitaka. Awezalo ni kuchagua adabu ya kuiendea.

Adabu hiyo hukosekana mara nyingi mahali ambapo hapana mchezo. Kisumu yenyewe ni kesho ya watu wengine: reli ilipofika ziwani Desemba 1901 palikuwa pamekwisha chorwa bandari ambayo wavuvi wa pwani hii hawakuulizwa, na tangu siku hizo ufuo ule umechorwa na kuchorwa upya kwa kila kizazi cha wakubwa. Bandari ilipokarabatiwa mwaka 2019 yalivunjwa mabanda ya Lwang'ni, ambako mteja alikuwa akimchagua samaki wake kwa kumnyoshea kidole, ngege au mbuta, akamwona akichanjwa mikato ubavuni na kutiwa katika mafuta yanayochemka, kisha akaletewa jagi la maji ya kunawa, naye ameketi akilitazama ziwa kupitia gugumaji. Wapo waliofurahi, wakasema mji wa kisasa hauwezi kukaa na mabati yenye masizi. Wapo waliolia kwamba ujana wao umebomolewa. Na wapo waliosema na yajengwe mabanda mapya yafananayo na yale ya zamani, ya kupendeza watalii. Msomaji atakuwa amekwisha kuyatambua makundi matatu ya California, kwa tofauti moja nzito, kwamba huku palikuwapo na kundi la nne, la wale waliokuwa wakila kwa kuuza pale, ambao kwao shauri hilo halikuwa la ladha ya macho.

Nami nasema kwamba katika nchi yetu hii imepata kujengwa kesho iliyo sahihi, na haikupakwa rangi yoyote. Kombewa, katika kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kwa ushirika na taasisi ya Walter Reed ya jeshi la Marekani, ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika ambako, kuanzia mwaka 2009, ilifanyiwa majaribio yake makubwa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S; Siaya na Kilifi walikuwamo, na Bagamoyo na Korogwe kwa upande wa Tanzania, na watoto walioandikishwa kote walipita 15,000. Kanuni ya majaribio yale ilikuwa kwamba mama aliyempakata mwanawe, na wale waliompima mtoto baadaye, wote hawakuambiwa kama kilichomo ni chanjo ya malaria au ni chanjo ya maradhi mengine iliyowekwa kwa ajili ya kulinganisha. Majibu yalipotoka hayakuwa muujiza: kwa watoto wakubwa kidogo waliopata sindano zote nne, homa zilipungua kwa kadiri ya thuluthi moja na ushei. Mwaka 2019 chanjo ikaanza kutolewa hapa Kenya katika kaunti za ziwa, na tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika, wakati ambapo wale waliochanjwa mwanzo Kombewa walikuwa wamekwisha kuwa vijana wa shule, wamepita umri wa kuihitaji.

Tazama basi ni nini alichokifanya mama yule. Aliuleta mkono wa mwanawe bila ya kujua kilichomo ndani ya sindano, kwa faida ambayo huenda ingewafikia wana wa wengine tu, na alipouona uso wa mtoto ukikunjamana kwa kilio alikuwa akiihudumia kesho ambayo hapana aliyemchorea picha yake. Kama Yusufu angeshuka leo akatafuta wenzake, nadhani angewapata katika foleni ya akina mama wale kabla ya kuwapata katika ofisi za wachora ramani.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa wapenzi wa ile Nchi ya Kesho ni kwamba wote watatu wasikilizwe, na wote watatu wanyimwe sehemu ya haja yao. Anayetaka upya apewe, ila asiruhusiwe kuujaza uwanja wote. Anayetaka ukumbusho aachiwe nguzo moja au mbili. Anayetaka hekaya asimuliwe hekaya yake pembeni. Na kipande kilichobaki kiachwe kitupu kwa makusudi, kwa jina la wale ambao bado ni watoto, wakijenge watakapokua. Na kwa wanaouchora ufuo wa Kisumu shauri ni lile lile, kwa ukali zaidi, kwani huku hatuchezi: kabla ya mchoro kutiwa sahihi, aitwe mama mkaanga samaki, auwekee kidole mahali pake, na akipakosa, mchoro urudishwe mezani, hata uwe mzuri namna gani.