Risasi na Mafuta: Je, Bunduki Ina Mahali Katika Hadithi za Fantasia?

Muhula uliopita tulikaa wanne chumbani kwangu, katika hosteli moja ya Kikoni, tukibuni mchezo wa mezani. Tulikuwa na ramani ya nchi isiyokuwapo, dadu mbili na daftari la kanuni. Tulibishana hadi usiku wa manane juu ya jambo moja: je, katika nchi yetu ya kubuni kuwe na bunduki? Mwishowe tuliafikiana ziwepo, ila shujaa mmoja, binti mganga, awe na mafuta ya kuwapaka wenzake ili risasi zisiwadhuru. Kanuni hiyo niliitunga mimi na niliiona nzuri sana. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Gulu, aliweka dadu chini akasema, "Mjomba wangu alipakwa mafuta hayo. Hakurudi." Kisha akaenda kulala.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza kosa letu lilikuwa nini. Je, lilikuwa kuiingiza bunduki katika nchi ya ajabu, au lilikuwa jambo jingine?

Wapo wapenzi wengi wa fantasia wanaoikataa bunduki kabisa. Hoja yao ni kwamba bunduki huua ushujaa. Upanga hudai mazoezi ya miaka mingi na humlazimisha mtu kumkabili adui uso kwa uso, lakini risasi humwangusha bingwa kutoka mbali, tena yaweza kufyatuliwa na mtoto. J.R.R. Tolkien alipigana Somme mwaka 1916, katika vita vya bunduki za rashasha. Hata hivyo mashujaa wake aliwapa panga na pinde. Nasi tunaye Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa shaba iliyochomwa kitovuni mwake. Hata alipokwisha kufa, alibaki amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji. Utendi wake hautulazimishi kuuliza kama kinga ile ingefaa kitu mbele ya risasi.

Hoja hii ina uzito, lakini kwetu haitoshi. Afrika Mashariki swali la uganga na bunduki halikuanzia katika michezo. Liliulizwa kwa miili ya watu.

Mwaka 1905, kusini mwa Tanzania ya leo, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Agosti mwaka huohuo maelfu waliliendea boma la Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha. Vita vilipokwisha mwaka 1907, makumi ya maelfu walikuwa wamekufa, wengi wao kwa njaa, kwa kuwa Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Miaka themanini baadaye, hapa Uganda, Alice Auma aliyejulikana kama Lakwena aliwaongoza wapiganaji kutoka Acholi kuelekea Kampala. Walipakwa mafuta ya mti wa shea, wakaambiwa kwamba mawe yatakuwa mabomu, wakakatazwa kujificha nyuma ya miti au vichuguu. Walishindwa karibu na Jinja mwishoni mwa mwaka 1987. Kanuni niliyoitunga kwa dakika tano, kuna watu walioifuata hadi kaburini.

Mtu anaweza kunipinga akisema hadithi ni hadithi tu. Atanionyesha Wakaliga, mtaa wa hapahapa Kampala, ambako Nabwana I.G.G. hutengeneza filamu za mapigano kwa bunduki za mbao na vyuma chakavu. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 imejaa milio na maiti, na watazamaji hucheka. Nami nimecheka. Lakini tazama tunacheka nini. Filamu ile haimwahidi mtu yeyote kwamba risasi haiui. Watu huanguka ovyo, na bunduki inachekeshwa na chuma chake chenyewe. Katika mji ambao wazee wengi walikisikia Kiswahili kinywani mwa askari mwenye silaha, kuichekesha bunduki ni namna ya kuipunguzia ubwana. Kwa hiyo nasema kosa letu halikuwa bunduki. Kosa lilikuwa kinga isiyo na gharama.

Hapa nakutana na pingamizi lililo gumu zaidi, nalo latoka katika fasihi yetu wenyewe. Je, maji ya Kinjikitile yalikuwa uongo tu? Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, Kinjikitile anakataa kutamka kwamba maji yale ni uongo, hata akiwa mikononi mwa Wajerumani, kwa sababu anawafikiria watakaokuja. Maji hayakuzuia risasi, lakini yaliwaunganisha watu wa makabila mengi waliokuwa wametengana. Mtu anayeuondoa uganga wote katika hadithi ili awe mkweli anawanyang'anya wafu wale sababu iliyowafanya wasimame. Anayeuacha ufanye kazi kikamilifu anawanyang'anya vifo vyao. Mimi naona njia iliyo ya haki ni ile ya utendi wa Liyongo: kila kinga iwe na kitovu chake, na msikilizaji akijue.

Wiki iliyofuata nilimwomba radhi yule mwenzangu, nikamwambia nimeyafuta mafuta katika daftari. Alikasirika zaidi. Alisema mjomba wake hakuwa mjinga, na kwamba kuyafuta ni kumficha. Tukaketi tukaandika kanuni upya. Sasa mafuta humpa mchezaji ujasiri wa kusonga mbele wakati wengine wamekimbia, lakini hayazuii risasi hata moja. Kabla ya pambano, kila mchezaji huandika jina la mtu anayemngojea nyumbani. Akiuawa, jina hilo husomwa kwa sauti kabla dadu hazijarushwa tena.

Mchezo umekuwa wa polepole, na mmoja wetu hulalamika kwamba hauna raha kama zamani. Huenda ni kweli. Lakini tunaucheza wote wanne.