Kuisha na Kumaliza

Mwaka wa shule huisha wenyewe. Desemba ikifika, madarasa hufungwa kwa aliyesoma na kwa aliyesinzia vilevile. Kumaliza ni jambo jingine, kwa kuwa kumaliza ni tendo na lina mtendaji. Kiswahili kimevitenga vitenzi hivi viwili, na katika mwanya uliopo kati yao limekaa swali ambalo dini na falsafa zimelijadili kwa karne nyingi: je, mwisho ndio unaoipa kazi nzima thamani yake, au ni kipande kimoja tu miongoni mwa vipande? Mzazi au mwalimu anayemhimiza mvulana wa darasa la tano mwezi Oktoba huwa amekwisha kulijibu swali hilo, ajue asijue.

Katika kata ya Isansa, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, swali hili lina majira yake. Mbozi ni wilaya ya kahawa na mahindi. Muhula wa pili unaanza Julai wakati kahawa inachumwa, na uchumaji haujapoa vizuri kabla ya mashamba ya mahindi kuanza kudai jembe, maana mvua za Novemba hazingoji. Kwa hiyo miezi ya kumalizia masomo ndiyo miezi ambayo mikono midogo ina bei. Mvulana akichuma kahawa kwa ndoo anaweza kuona malipo yake jioni. Akijifunza kujumlisha sehemu, malipo hayajulikani ni ya lini. Zaidi ya hapo kuna Tunduma, mji wa mpaka wa Zambia, pamoja na malori yake, wabadilisha fedha wake na pikipiki ambayo kaka wa jirani amerudi nayo. Kitaifa, katika miaka ya karibuni, wasichana wamewazidi wavulana kwa idadi katika mtihani wa darasa la saba. Sababu zake ni nyingi, lakini ujira wa mapema ni mmoja wa washindani wa shule, na huwa unalenga wavulana zaidi.

Mapokeo ya Kiislamu yanafundisha kwamba amali hupimwa kwa mwisho wake, ndiyo maana muumini huomba khatima njema. Neno kuhitimu limetoka katika mzizi huohuo wa Kiarabu, wenye maana ya kutia muhuri: mtoto wa chuoni aliyeisoma Kurani hadi sura ya mwisho amehitimu. Wagiriki nao walikuwa na hadithi yao. Herodotus anasimulia kwamba Solon alikataa kumwita mfalme Croesus mwenye heri kabla hajauona mwisho wake. Mafundisho haya yana makali pande mbili. Yanamwamsha aliyeongoza mtihani wa Juni akadhani amefika. Wahenga walimwambia mapema kwamba kutangulia si kufika. Yanampa nafasi pia yule aliyeshika mkia, kwa sababu hukumu haijafungwa.

Upande wa Ukristo, ambao una mizizi mirefu Mbozi tangu wamisionari wa Moravian walipotanuka kutoka Rungwe walikoanza mwaka 1891, mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu unazidisha ugumu. Walioajiriwa jua likielekea kutua wanapewa ujira sawa na walioanza alfajiri, na wa alfajiri wananung'unika. Mwalimu mkali huwaelewa sana hao wanaonung'unika. Hata hivyo ni mfano wa maana kwa mvulana aliyekosa wiki nyingi za masomo Julai na Agosti, ambaye kishawishi chake kikubwa ni kusema mwaka umeshaharibika na heri kuanza upya Januari. Shamba la mfano huo linapokea watu hadi saa kumi na moja.

Mkulima wa kahawa angeweza kuchangia katika mjadala huu bila kumtaja Solon. Mti umepaliwa, umepogolewa na kunyunyiziwa dawa mwaka mzima; tunda limeiva likawa jekundu. Linamenywa, linavundikwa ili utelezi uachie, linaoshwa, linaanikwa. Likivundikwa kupita kiasi au likinyeshewa kwenye vitanda vya kuanikia, ladha imeharibika, na hakuna anayelipia jasho la Machi. Kazi ya siku chache za mwisho inaamua bei ya miezi kumi na miwili. Mfano huu ni mzuri, tena hatari, kwa sababu kahawa iliyovunda haiponi ilhali mtoto hupona. Ukitumiwa kumtisha mtoto, unamfundisha jambo ambalo si kweli kuhusu yeye mwenyewe.

Kuna pingamizi zito zaidi. Huo mwisho wenyewe ni nini? Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Julius Nyerere alilalamika kwamba shule ya msingi ilikuwa imegeuzwa njia ya kuwatayarisha wachache kwa sekondari, ilhali ilipaswa kuwa elimu kamili kwa wote wanaoipitia. Kama hoja hiyo ni sahihi, siku mbili za mtihani mwezi Septemba haziwezi kuwa khatima ya miaka saba. Tena mwisho huo unahamishika: mtaala ulioanza Januari 2024 umeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, hivyo walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza pamoja na waliowatangulia darasa moja. Mwisho unaoweza kusogezwa kwa mtaala haufai kubebeshwa thamani ya mtoto. Unachofaa kubeba ni kiasi cha kazi: kurasa zilizobaki, hesabu ambazo hazijaeleweka, kitabu kilichoazimwa.

Hapo ndipo maana ya kutia moyo inapodhihirika. Kinachotiwa kinaingia ndani. Fimbo inabaki mgongoni, na zawadi ya kumpita mwenzake inabaki kwa huyo mwenzake. Ibn Khaldun aliandika katika karne ya 14 kwamba ukali kwa wanafunzi, hasa wadogo, huwazoeza uvivu, uongo na hila. Comenius, askofu wa ule Umoja wa Ndugu ambao Wamoravian ni warithi wake, alitaka katika karne ya 17 shule iende hatua kwa hatua bila vipigo, na kila mwaka uwe na shabaha yake. Kwa mvulana wa Isansa, shabaha hiyo inaweza kuwa ndogo mno: wiki tatu bila kukosa shule, jedwali la saba lililokuwa likimshinda. Wanaosema ng'ombe mzima kamla, mkia umemshinda, huwa wanacheka. Lakini mkia unalika, kwa kuwa ni mfupi. Baba asiyejua kusoma anaweza kuomba aonyeshwe daftari kila Ijumaa, na anaweza kuamua kwamba zamu ya kuchuma ni Jumamosi. Uamuzi huo wa pili una uzito kuliko hotuba nyingi za siku ya kufunga shule.

Wa darasa la saba amekaa pabaya kuliko wote. Shule yake inaisha Septemba, mwaka unaisha Desemba, matokeo yanatoka katikati, na kidato cha kwanza ni Januari. Hana sare wala kengele, na hakuna anayemhesabu asubuhi. Tunduma humwita katika miezi hiyo. Wengine hubaki nyumbani wakashinda kwenye mizani ya baba: gunia linapandishwa, kilo zinasomwa, makato ya deni la mbolea yanatolewa, na kijana anaandika kwenye daftari la zamani la hisabati, penye kurasa zilizosalia, bila namba ya mtahiniwa.