Maji Kabla ya Ufagio

Anayefagia uwanja wa vumbi hunyunyiza maji kwanza. Maji kwanza, ufagio baadaye. Kule machimboni Mererani, wilayani Simanjiro, anayechoronga mwamba mkavu anafagia bila maji, tena chini shimoni, pasipo upepo. Vumbi la silika litokalo mwambani, lile linalodhuru zaidi, halionekani kwa macho. Hufika ndani kabisa ya mapafu, likayatia makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo, silikosisi, hauponi, na hukirahisishia kifua kikuu kazi. Utasema maji ni ghali. Kweli, Simanjiro ni nyika kame. Lakini anayemudu kununua baruti anamudu na maji. Utasema kitambaa puani kinatosha. Hakitoshi, vumbi hilo linapenya. Msimamizi wa zamu, leo usiruhusu mashine iwashwe kabla bomba la maji halijafunguliwa.