Boazi Alienda Mlangoni pa Mji

Somo: Ruthu 4:1-13



Kutoka Kangemi mpaka Kawangware tunaabudu na ndugu waliotoka Kongo, Burundi, Ethiopia na Naijeria. Wengine wamekutana papa hapa Nairobi, wamependana, na sasa wanataka mchungaji awafungishe ndoa. Tunashangilia! Lakini hebu tumtazame Boazi kwanza.

Ruthu alikuwa Mmoabi, mgeni Bethlehemu. Usiku ule kwenye uwanja wa kupuria, Boazi angeweza kumchukua kimya kimya. Nani angejua? Lakini kulipokucha alienda mlangoni pa mji, mahali pa kuamua mambo, akaketisha wazee 10. Jamaa aliyekuwa na haki ya kwanza alikataa, akavua kiatu kuthibitisha. Ndipo Boazi akamwoa Ruthu, wote wakiona.

Mpendwa, mji wetu nao una milango, tena miwili. Sheria House, pale Harambee Avenue, ni mambo ya ndoa. Nyayo House ni mambo ya uhamiaji. Usichanganye! Cheti cha ndoa kinasema ninyi ni mume na mke. Hakisemi mgeni ana ruhusa ya kukaa Kenya.

Chukua mfano. Ndugu ni mgeni mwenye kibali cha kazi. Dada aliingia kama mtalii. Wamefunga ndoa Jumamosi, keki imeliwa. Siku za dada alizopewa zikiisha, zimeisha, hata akiwa na pete. Mume anapaswa kumwombea pasi ya mtegemezi mapema. Pasi hiyo haimruhusu kuajiriwa. Akitaka kazi, atafute kibali chake mwenyewe. Na kama wote wawili ni watalii, nani atambeba mwenzake? Ndoa peke yake haiwaongezei hata siku moja.

Kwa hivyo ulizeni kabla ya kulipia hema. Ndoa ya kiserikali inahitaji notisi ya siku 21 au zaidi. Mgeni naye alete karatasi ya kuonyesha hana ndoa nyingine kwao. Usikasirike ukiulizwa hilo. Huenda kuna mama na watoto wanangoja huko nyumbani!

Sasa neno gumu. Mgeni aliyeoa au kuolewa na Mkenya anaweza kuomba uraia baada ya miaka 7. Lakini sheria ya uraia ya 2011 haiitambui ndoa iliyofungwa ili kupata makaratasi tu. Kuna vijana wetu wanaoahidiwa pesa wasimame madhabahuni na mtu wasiyempenda. Kijana, kumbuka Anania na Safira, Matendo 5. Walikuwa mume na mke, na walipatana vizuri sana. Lakini walipatana juu ya uongo.

Na wewe mume ambaye karatasi za mke wako zinategemea zako: usifungie paspoti yake kabatini, usimtishie kumrudisha kwao kila mkikosana. Boazi alikuwa na mali na jina. Ruthu hakuwa na kitu. Alitumia nguvu zake kumfunika, si kumfunga. Kutoka nyumba hiyo akatoka Obedi, babu yake Daudi.

Tuombe. Bwana, utupe ndoa za mchana, zisizoogopa mlango wowote wa mji. Wageni walio kati yetu wapate haki na ulinzi. Katika jina la Yesu. Amina!