Jina la Shule na Haki ya Mtu

Huku kwetu Kalima hutokea mara nyingi ubishi wa namna moja, baada ya Misa, au kwenye matanga, au arusini. Waliosoma vyuo vikuu hukaa pamoja, na wakiisha kuulizana habari za nyumbani huanza kupimana. Huyu alisoma Kinshasa, yule Lubumbashi, mwingine Kisangani, mwingine Bukavu. Kila mmoja hutetea chuo chake kama mtu ateteaye ukoo wake: chuo chetu ndicho cha kwanza, maprofesa wetu ndio walioandika vitabu, timu yetu ndiyo iliyowafunga ninyi. Hayo ni maneno ya kuchekesha, nasi tunacheka pamoja nao. Lakini kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Kindu akifungua kinywa, kicheko hubadilika. Huulizwa: "Wewe, hukupata mahali pengine?" Na kijana hunyamaza.

Kunyamaza kwake ndiko kunakotufanya tuandike. Maana si yeye peke yake anayeumia. Wazazi wake nao husikia. Mwaka ujao, baba mwenye mtoto mwingine atauza mbuzi na kukopa fedha ili ampeleke mtoto mbali, kwa reli ile itokayo Kindu kupita Kabalo na Kamina mpaka Lubumbashi, au kwa ndege mpaka Kinshasa, hata kama masomo anayoyataka mtoto yako karibu. Hafanyi hivyo kwa kuwa amepima mafundisho; afanya hivyo kwa kuogopa aibu. Basi tuulize kwa utaratibu: jina la shule lina thamani gani? Na je, ni haki kumpima mtu kwa jina hilo?

Kwanza tufahamu maana ya sifa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipotafuta heri ya mwanadamu iko wapi, aliuliza kama yaweza kuwa katika sifa ya watu. Akajibu kwamba haiwezekani, na sababu yake si ngumu kuielewa. Ujuzi wa Mungu huviumba vitu. Ujuzi wa watu hauumbi kitu, hufuata tu kile kilichopo. Ukisema mwembe una matunda, maneno yako hayaoteshi hata embe moja. Kama matunda yapo, umesema kweli. Kama hayapo, umekosea, na mti unabaki mtupu kama ulivyokuwa. Tena, asema Tomaso, watu hukosea mara nyingi, hasa wanapopima matendo ya wenzao. Kwa hiyo sifa ni kivuli cha wema. Wema waweza kuwapo bila kusifiwa, na sifa yaweza kuwapo bila wema.

Siku hizi wako watu wanaopanga vyuo vikuu vya dunia kwa namba: cha kwanza, cha pili, na kuendelea. Orodha moja iliyo mashuhuri sana ilianza kutolewa mwaka 2003 katika mji wa Shanghai, nchi ya China. Tutazame inahesabu nini. Katika alama 100, alama 30 hutolewa kwa ajili ya tuzo kubwa, kama ile ya Nobel, walizopata maprofesa wa chuo na wanafunzi wake wa zamani. Alama 20 ni za watafiti wanaotajwa sana na wataalamu wenzao. Alama 20 ni za makala zilizochapishwa katika majarida mawili tu, Nature na Science. Alama 20 ni za makala nyingine za kitaalamu, na 10 za mwisho hupatikana kwa kugawanya hesabu hizo kwa idadi ya waalimu. Orodha nyingine, iitwayo QS, hutoa sehemu kubwa ya alama zake kwa kuwauliza maprofesa wa nchi mbalimbali ni vyuo gani wanavyoviona kuwa bora. Yaani, sifa inapimwa kwa kuuliza sifa.

Hatusemi kwamba hesabu hizo ni za uongo. Utafiti ni kazi njema, na mgonjwa anayepona kwa dawa mpya ana sababu ya kuwashukuru waliokesha wakiitafuta. Tunachosema ni hiki: kila mizani hupima kile iliyotengenezewa. Katika alama hizo 100, iko wapi alama ya mwalimu aliyerudi Pangi kufundisha watoto hesabu, darasa likivuja mvua? Iko wapi alama ya mganga aliyempasua mama usiku na kuokoa watu wawili? Haipo, wala mizani hiyo haikuwekwa ili kuwapima hao. Basi anayeichukua na kumpimia kijana wa Kindu, apima kitambaa kwa kilo.

Tena, mahali ambapo namba inaheshimiwa kupita kiasi, hapakosi majaribu. Huko Marekani gazeti moja hupanga vyuo vya nchi hiyo kila mwaka. Mwaka 2021 chuo cha Columbia, katika mji wa New York, kiliwekwa nafasi ya pili. Mwezi wa pili wa mwaka 2022 profesa wa hesabu wa chuo hicho hicho, Michael Thaddeus, alichunguza takwimu zilizopelekwa na chuo chake, akaandika wazi kwamba nyingine si sahihi. Mwezi wa tisa chuo kikakiri kwamba hesabu zake juu ya ukubwa wa madarasa na shahada za waalimu zilikuwa na makosa. Katika orodha mpya kikashuka mpaka nafasi ya 18. Tujiulize: katika mwaka huo mmoja mafundisho yalishuka ngazi 16? Waalimu walikuwa wale wale, na vitabu vile vile. Lililoshuka ni jina. Na aliyekipenda chuo kwa kweli ni nani: yule aliyejivunia nafasi ya pili, au yule aliyesema ukweli hata jina likashuka?

Hapa mtu mwenye busara atatupinga, nasi tumsikilize. Atasema: "Mimi natafuta mhasibu. Vijana 20 wameleta barua. Siwezi kukaa na kila mmoja mwezi mzima ili nijue akili yake. Jina la shule lanisaidia." Neno lake lina haki ndani yake. Ziko shule zenye waalimu wa kutosha, maktaba na vyombo, na ziko shule zenye vibao tu. Kuficha tofauti hiyo ni kuwadanganya wazazi.

Lakini sisi watu wa Kalima tunajua vema namna ya kutumia alama, kwa sababu tunaishi kwa kasiteriti, jiwe la bati, tangu siku za kampuni ya Symétain. Katika miaka hii magunia ya madini hufungwa kibandiko chenye namba, ili ijulikane yametoka wapi. Kibandiko hicho kina faida. Hata hivyo, ni mnunuzi gani wa Kalima anayelipa kwa kusoma kibandiko peke yake? Hupima uzito, huchukua kidogo kutoka katika gunia, hutazama bati ni kiasi gani na mchanga kiasi gani. Shimo lenye jina laweza kutoa gunia la mchanga, na shimo lisilojulikana laweza kutoa jiwe zito. Kama tunalifanyia gunia haki hiyo, twawezaje kumnyima mtoto wa mtu? Diploma ni kibandiko. Itusaidie kuanza kupima, isituzuie kupima.

Wazee wetu nao walijua kupanga watu kwa madaraja. Warega walikuwa na bwami, chama chenye ngazi nyingi, na ngazi ya juu ya wanaume iliitwa kindi. Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku mwaka 1948. Si kila jambo la bwami tunalolisifu. Lakini jambo moja lafaa kukumbukwa. Aliyetaka kupanda alihitaji mali na msaada wa ndugu, tena ilimpasa aonyeshe tabia njema, naye alifundishwa kwa methali, kwa ngoma na kwa sanamu ndogo za pembe na mti. Mali peke yake haikutosha. Na waliompima walikuwa watu walioishi naye, waliomwona akigawa nyama, akisuluhisha ugomvi, akizuia ulimi wake. Daraja lile lilitoka kwa mashahidi wa karibu. Orodha za leo hutoka kwa watu ambao hawajamwona kijana wetu hata siku moja.

Tuangalie sasa majina yenyewe yanadumu namna gani. Mwaka 1954 kilifunguliwa chuo kikuu cha Lovanium, juu ya mlima karibu na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Jina hilo lilikuwa la kuazimwa: ni jina la Kilatini la Louvain, mji wa Ubelgiji wenye chuo kikuu cha Kikatoliki kilichokizaa hiki chetu. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Monsinyori Luc Gillon. Mwaka 1959 kiliwashwa pale kinu cha nguvu za atomu, cha kwanza katika Afrika yote, na sifa ya Lovanium ikaenea mbali. Mwaka 1971 serikali ikaunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa chuo kimoja cha taifa, na jina la Lovanium likafutwa. Mwaka 1981 vikatengwa tena kuwa vitatu, lakini jina lile halikurudi. Je, wale waliofundishwa Lovanium walipoteza elimu yao siku jina lilipofutwa? Hata kidogo. Mganga alibaki mganga na mwalimu alibaki mwalimu. Basi, kama mtu aweza kubaki na mema yote ya shule bila jina, ni wazi kwamba jina silo lililokuwa mema hayo.

Na michezo je? Wanafunzi wa zamani hujivunia timu kuliko maktaba, kwa kuwa mabao yanaonekana na watu wote. Mchezo ni mzuri. Hufundisha kuvumilia, kutii mwamuzi, kushindwa bila chuki. Mwaka 1939 Wamonaki Wabenedikto walioongoza shule ya Mtakatifu Bonifasi huko Elisabethville, yaani Lubumbashi, walianzisha timu ya mpira kwa ajili ya vijana wa shule yao. Timu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Mazembe, iliyochukua kombe la klabu bingwa za Afrika mara tano, na mwaka 2010 kucheza fainali ya dunia na Inter ya Italia. Ni furaha kubwa. Lakini kati ya maelfu wanaoishangilia, wangapi wanaikumbuka shule iliyoizaa? Mpira ulikwenda njia yake, na shule ina kazi yake.

Mwaka ule ule wa 1939 chuo kikuu cha Chicago, ambacho timu yake ilikuwa imepata sifa nyingi katika mpira wa Kimarekani, kiliamua kuiacha timu hiyo. Wanafunzi wa zamani walidhani chuo kimejiua? Miaka mitatu baadaye, tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya kiwanja hicho kilichoachwa, wataalamu walifaulu kwa mara ya kwanza kuiwasha na kuizuia nguvu ya atomu. Kazi hiyo ilileta pia silaha ya kutisha, nasi hatuisahau. Tunataka tu kuonyesha kwamba akili ya chuo haikukaa miguuni mwa wachezaji wake.

Basi mwanafunzi wa zamani aidharau shule yake? Hasha. Kuwaheshimu waliotulea ni wajibu, nao waalimu ni kama wazazi wa pili. Ila shukrani ni deni la kulipwa; si kodi ya kuwatoza wengine. Mwaka 1925 wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut, pamoja na Padri Raphaël de la Kethulle, walianza chama chao, ADAPES. Tangu 1946 kiliongozwa na Jean Bolikango, aliyekuwa mwalimu wa shule. Katika siku zile, Mkongo alipokuwa haruhusiwi kuwa na chama cha siasa, vyama vya namna hiyo viliwapa watu mahali pa kukutana, kusoma na kusemezana. Hiyo ndiyo namna ya kuitukuza shule: kuifanya ifae watu ambao hawakuisoma.

Kuna dhambi moja ambayo Tomaso aiweka kinyume cha haki: kupendelea watu. Ni kumpa mtu nafasi kwa sababu ya yule alivyo machoni petu, wala si kwa sababu aifaa kazi. Mtume Yakobo alikwisha kuwaonya wakristu waliomkalisha vizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame. Siku hizi pete yaweza kuwa muhuri wa chuo.

Kwa hiyo, wazazi, kabla ya kuuza mbuzi, nendeni mkaulize: waalimu wanafika darasani? Vitabu vipo? Waliotoka pale wanafanya kazi gani, na kwa uaminifu gani? Kama majibu ni mabaya karibu na mema mbali, mpelekeni mtoto mbali bila kusita. Kama ni mema karibu, msimpeleke mbali kwa ajili ya midomo ya watu.

Nanyi mliosoma vyuo vyenye jina, kijana wa Kindu akikaa kati yenu arusini, muulizeni alijifunza nini, na anataka kufanya nini. Kama ana pengo, mwazimeni vitabu vyenu. Kwa njia hiyo atajua kwamba chuo chenu kilikuwa kizuri, nanyi hamtahitaji kumwambia.