Akida Alimsikiliza Nani?



Mwaka 2019 sisi wa pwani ya Kusini tuliambiwa kwamba kimbunga Kenneth kinakuja. Watu wa Mtwara wakahama mabondeni, shule zikafungwa. Tarehe 25 Aprili kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, kikaua makumi ya watu. Huku kwetu wakasema, "Tumetishwa bure." Mwaka 2021 tukaonywa juu ya kimbunga Jobo, nacho kikaishiwa nguvu kabla ya kufika pwani. Hapo watu wakacheka zaidi. Tulifanana na Jona, aliyekasirika kwa sababu Ninawi haukuangamia.

Basi yalipotangazwa maonyo ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, mzee mmoja wa kanisa alinijia Ijumaa jioni, kwaya ikiwa katika mazoezi. "Baba Padre, tuwaambie watu?" Nikatazama mbingu juu ya bati la kanisa, nikaona pametulia. Nikamjibu kwa kicheko, "Mzee wangu, si kama kile cha Jobo?" Nakiri jambo hili mbele yenu. Kesho yake, tarehe 4, Hidaya kikatua Mafia. Boti za Unguja zilisimamishwa, na mvua ikaikata barabara yetu kule Somanga, Kilwa, magari yakalala njiani.

Namshukuru Mungu kwamba mzee yule hakunitii. Alikwenda usiku uleule nyumba kwa nyumba kwa wavuvi wetu.

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo aliwaonya wasitoke Bandari Nzuri, kwa kuwa majira ya kusafiri yalikuwa yamekwisha pita. Akida akamwamini zaidi nahodha na mwenye merikebu. Mimi simlaumu upesi. Nahodha ndiye mjuzi wa bahari. Paulo ni mfungwa, tena fundi wa mahema. Na bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi. Kukaa kuna hasara yake: mvuvi asiyetoka leo, jioni hana unga. (Sisi wenye mshahara wa mwezi husahau hilo tunapomwita mkaidi.) Kisha ukavuma upepo mwanana wa kusini, na wote wakaona wamefanikiwa. Ni upepo uleule nilioutazama mimi juu ya bati.

Merikebu ilipokuwa ikisukwasukwa, Paulo aliwakumbusha onyo lake mara moja tu. Baada ya hapo aliwatia moyo, akawasihi wale chakula, watu 276. Mzee wetu naye hajanikumbusha hata siku moja.

Kuanzia Jumapili ijayo, maonyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa yatasomwa kabla ya mahubiri, si baada ya baraka watu wakiwa wamekwisha simama. Atayasoma yeye. Na sadaka ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi itawekwa kwa ajili ya nyumba za wavuvi watakaozuiwa kutoka. Mwenye haja amwone mzee wa kanisa wa eneo lake, bila haya.

Wenu katika Kristo,
Padre wa Mtaa